Firigisi ya Jumapili

Kolwezi, Kasulo, tarehe 4 Machi 2024

Kaku Bilonda,

Nakusalimu kwa heshima. Huku sisi ni wazima. Jocelyne ni mzima, mimba yake imeingia mwezi wa tano na haimsumbui. Mimi pia ni mzima kabisa.

Barua hii anakuletea Sadiki, dereva wa lori linalokuja huko Kanzenze kuchukua muhogo. Najua simu yako inashika mtandao ukipanda tu juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, na sitaki upande kichuguu kwa ajili yangu. Tena mambo ninayotaka kuuliza yanahitaji kuandikwa vizuri.

Pale kazini, kwenye mizani ya malori, ofisi imeniomba niandike ukurasa mmoja au miwili juu ya chakula cha wazee wetu. Ni kwa ajili ya sherehe. Mimi ni karani mpya, bado nimo katika miezi ya majaribio mpaka mwisho wa Mei, kwa hiyo sitaki kukosea. Wazee walikula mara ngapi kwa siku? Asubuhi walikula bukari? Bonge la ugali huo la mtu mzima lilikuwa kubwa kiasi gani, kama ngumi au kama kichwa cha mtoto? Lilikuwa la mahindi matupu, au la muhogo, au la ulezi? Mafuta walitia vijiko vingapi? Sukari waliitumia wapi? Na mtu aliyezoea chakula cha mjini, akirudia kile cha zamani, mwili wake huchukua muda gani kubadilika? Kwa mfano, miezi mitatu ingetosha?

Swali hilo la mwisho ni la ofisi, si langu.

Naomba usimwambie Jocelyne. Ofisi inataka watu washtukizwe siku yenyewe.

Mjukuu wako mtiifu,
Hénock Ntambwe


Kanzenze, 13 Machi 2024

Mume wangu mdogo,

Nimefurahi kupata barua yako, hata kama umeniandikia kama polisi anayemhoji mwizi. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja. Mtoto akiniambia "swali hili si langu", nilijua ni lake. Lakini ofisi ikiuliza lazima ijibiwe.

Asubuhi hatukula bukari. Tulikula kiazi kitamu cha kuchemsha kilicholala, au karanga mkononi, au uji wa ulezi. Bila sukari. Sukari ilikuwa ya wageni, na mgeni mwenyewe aliangaliwa anatia vijiko vingapi. Tulitembea mpaka shambani, na jua likiwa kali tulikunywa munkoyo, ule wa mahindi na mizizi, mchachu kidogo, unaokata kiu bila kukuacha unatafuta mwingine. Bukari ilikuwa jioni. Mama yangu alichanganya muhogo na ulezi, na mtu mzima alipata bonge la ngumi zake mbili. Kilichokuwa kikubwa ni bakuli la mboga. Kalembula, yaani majani ya viazi. Matamba, majani ya muhogo, yaliyotwangwa na kupikwa mpaka uchungu wote uishe. Uyoga wakati wa mvua, maharagi wakati wa kiangazi, viwavi wakavu, samaki wadogo wanaoliwa na vichwa vyao. Mawese yalikuwa kijiko kimoja kwa sufuria ya watu sita. Utamu tuliutoa kwenye karanga za kutwanga.

Kisha babu yako akapata kazi mgodini, tukahamia kambini Kolwezi, na kampuni ya wakati ule ikatupa posho: unga mweupe kwa gunia, nyama, mafuta ya bati. Tukadhani tumefika. Ndipo tulipojifunza kudharau majani. Mwanaume akila majani siku mbili mfululizo, jirani walisema mke wake hamtunzi.

Nimempa Sadiki gunia dogo: unga wa ulezi, maharagi, kalembula kavu, uyoga, karanga. Sadiki amesema, "Kaku, hii yote ni ya ofisi?" Nikamwambia ni ofisi yenye njaa. Huko Kasulo, ambako watu wamechimba madini hata chini ya vitanda vyao, usichume lengalenga iliyoota kwenye maji yanayotoka mashimoni. Jani linakunywa kile linachopewa.

Na huyo mtu wa miezi mitatu, mwambie aendelee kwenda kwa daktari. Majani ni chakula. Yeye ana ugonjwa gani? Ofisi yako imesahau kuandika.

Kaku Bilonda


Kolwezi, Kasulo, 1 Aprili 2024

Kaku mpendwa,

Ni mimi Jocelyne, mke wa Hénock, yule unayemwita mke mwenzako. Naomba unisamehe kukuandikia bila mume wangu kujua. Sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Kaku, Hénock hali chakula changu. Ilianza mwezi uliopita. Kwanza aliacha mikate ninayomkaangia asubuhi, kisha chupa yake ya sukre, ile soda tamu, anaporudi kazini, kisha akaanza kupunguza bukari kwa kidole kama mtoto mwenye homa. Nilinyamaza. Lakini Jumapili, wewe unajua, ninapika kuku. Ninamwekea firigisi juu ya sahani kama mama yangu alivyonifundisha, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba na mwanamke hawezi kuigusa. Jumapili tatu mfululizo amesukuma sahani. Hasemi kitu. Nikiuliza anasema, "Siko na njaa, mama." Kisha nasikia kwa watu kwamba pale kwenye mizani anakula kalembula kwa Hawa, mke wa Sadiki, na kwamba ndiye aliyempa Hawa unga na maharagi ya kumpikia!

Hawa ni mama mzima mwenye wajukuu, sisemi lolote juu yake. Nasema juu yangu. Kwetu mwanaume hakatai sufuria ya mke wake bure. Akikataa, na akinyamaza, watu wanajua anachosema: kwamba mkono uliopika umegusa mtu mwingine, na akila chakula hicho atakufa. Mimi sijagusa mtu, Kaku. Nina mtoto wake tumboni. Sasa najiuliza kama hata huyu anamtilia shaka.

Na anakonda. Ametoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Siku ya harusi shangazi zangu waliniambia, mume aking'aa ni sifa yako. Huyu wangu hang'ai.

Nilimwambia mama Marie, mama yangu. Amekasirika sana. Amesema, "Mutoto wangu hatatukanwa na sahani. Kama iko na neno, aliseme mbele ya batu." Ameita familia zote mbili tarehe 21 Aprili, Jumapili. Ndugu yangu Guelord, ambaye wanafanya kazi pamoja, naye atakuja. Nikionekana na kosa, nitarudi kwa mama na mtoto atazaliwa huko.

Kaku, wewe umemlea tangu baba yake alipokufa. Niambie alichosikia juu yangu.

Jocelyne


Kanzenze, 8 Aprili 2024

Hénock,

Leo sikuiti mume wangu.

Umemtukana mke wako na hujui kwamba umemtukana. Umeogopa sahani, ukaikataa yote pamoja na firigisi, ukafunga mdomo. Wewe mtoto wa Kikasai, uliyekula nyumbani kwangu, ulifikiri sahani inayosukumwa haisemi? Imesema. Imesema kwamba yeye ni mwanamke wa nje. Tarehe 21 familia zitakaa juu ya jambo hilo, kama hujaambiwa bado.

Na wala daktari hakukukataza kuku. Sikuwepo, lakini naweka mkono wangu motoni. Alikwambia uache vya kukaangwa na vitamu, upunguze unga, utembee. Wewe ukaongeza mengine mwenyewe. Ulikuwa hivyo hata darasa la tatu: nikisema andika mstari mmoja, unaandika ukurasa.

Ni sukari, sivyo? Usinijibu kwa habari ya ofisi.

Sasa nitakupa jibu nililolificha mimi. Baba yako Kalonji alikufa ukiwa na miaka tisa. Tulikwambia alikanyaga kitu alichotegewa na mtu mwenye wivu, mguu ukaoza. Hakukanyaga kitu cha mtu. Kiatu kipya kilimchuna kidole, na sukari ikazuia kidonda kisipone. Tulimpeleka kwa mwombaji, kisha kwa mwenye mizizi, na hospitali mwisho. Mimi nilikuwa mwalimu. Niliisoma karatasi ya hospitali, nikaielewa, nikaikunja. Kurogwa kulikuwa na heshima kuliko kusema karani mzima ameuawa na sukre na mikate. Naye alikuwa ameniuliza, miaka miwili kabla, "Mama, zamani mulikuwa munakula nini asubuhi?" Nikacheka. Nikamwambia, wewe sasa ni mtu wa ofisi, kula mkate wako.

Kwa hiyo barua yako ya Machi niliielewa kabla sijafika mwisho. Kosa langu ni kwamba nilitaka useme wewe kwanza. Karatasi yake ya hospitali naifunga humu. Soma tarehe zake: alianza kuumwa mwaka wa nne kabla ya kufa. Wewe umegunduliwa mapema. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko majani yote ya gunia langu.

Mwambie Jocelyne kabla ya tarehe 21. Si mbele ya watu. Kabla.

Na uache kula majani matupu kama mbuzi. Kula bonge lako la ngumi mbili.

Kaku


Kolwezi, kwenye mizani, 16 Aprili 2024, saa sita mchana

Jocelyne,

Nakuandikia ingawa jioni nitalala kilomita saba kutoka hapa, ndani ya nyumba yako. Nimejaribu kusema mara nne tangu Jumamosi. Kila nikifungua mdomo, naulizia mambo ya maji. Karatasi inanisikiliza vizuri zaidi. Nampa Hawa akuletee akienda sokoni.

Tarehe 27 Februari nilikwenda kupimwa na daktari wa kazini. Sukari yangu kabla ya kula ilikuwa gramu 1,18 kwa lita ya damu. Daktari alisema bado haijawa ugonjwa, iko mlangoni, nirudi mwisho wa Mei. Mimi nilisikia neno moja tu, Mei, kwa sababu Mei ndipo wataamua kama wanabaki na mimi au hapana. Nikawaza: wakijua, hawatamchukua mgonjwa wakati nje ya uzio kuna vijana mia moja wazima. Nikawaza pia kwamba nikikwambia utamwambia mama Marie, mama Marie atamwambia Guelord, na Guelord ana mdomo mkubwa kuliko mizani. Kisha kuna mimba. Nikasema nitakuogopesha bure.

Nimegundua kwamba nimekuogopesha bure kwa njia nyingine, iliyo mbaya kuliko ile.

Sijasikia neno lolote juu yako. Sikuwahi kukutilia shaka, hata dakika moja. Chakula chako ni kizuri, ndiyo maana nilikikimbia: ningekaa mbele ya kuku wako, ningekula na mafuta ya chini ya sufuria. Kwa Hawa nilikula bila kusikia ladha, maana nilikuwa nahesabu matonge.

Naweka humu karatasi yangu ya daktari na karatasi ya hospitali ya baba. Ya baba nimeipata wiki hii tu. Nimeisoma mara nyingi. Utaona mwenyewe.

Tarehe 21 nitasema mbele ya wote, hata mbele ya Guelord. Lakini nilitaka wewe ujue kwanza.

Hénock


(nyuma ya karatasi ileile, saa tisa)

Tata Hénock,

Nimesoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasoma tena. Nimelia. Sasa nimekasirika, na hasira ni nafuu.

Weye munaume wa namna gani? Mi nilikuwa nahesabu dhambi zangu tangu utoto nikitafuta ile moja umesikia! Nilikumbuka hata mwanafunzi mwenzangu aliyenisaidia kubeba ndoo mwaka ule wa sita. Kumbe ni 1,18.

Unaogopa Guelord? Guelord iko na tansio, damu yake inapanda, tangu mwaka jana. Anaficha vidonge ndani ya kopo la kalamu, mimi ndiye ninamununulia. Sikukwambia kwa sababu alinilazimisha kuapa. Munafanya kazi meza mbili zinazotazamana, kila mutu anaficha kopo lake.

Mkutano siufuti. Mama ameisha kuita batu, na batu wakiitwa wanakula. Utakuja, utakaa, utakula nitakachoweka. Mwambie Hawa nakuja kesho kujifunza kalembula yake. Anatia karanga, nimeuliza.

Nyanya zimeisha. Lete.

J.


Kolwezi, Kasulo, 22 Aprili 2024

Kaku, mke mwenzangu,

Jana imepita. Nakuandikia haraka maana Sadiki ameshawasha lori.

Walikuja watu kumi na wanne. Mama Marie alikaa kwenye kiti cha mbele, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayesubiri gari la moshi. Guelord alianza hotuba: "Tumeitwa hapa kwa sababu ya sahani." Mama akamkata: "Acha hotuba. Mukwe wangu, mutoto wangu alikosa nini?" Hénock akasimama. Alikuwa ameandika, unamjua. Alisoma karatasi yake, kisha akasoma ya baba yake mpaka mwisho, na tarehe zote. Alipomaliza mama aliuliza swali moja tu: "Sasa hii ya sukari, inakataza kuku?" Hénock akasema, "Hapana, mama. Mimi ndiye nilikataza."

Nikaleta chakula. Maharagi, kalembula na karanga za kutwanga, bukari ya ulezi mabonge madogo, munkoyo. Shangazi yangu mmoja alifunua sahani akauliza, "Tuko kwenye kilio?" Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa kinahitajika. Kuku nilimchemsha na nyanya na bamia, bila kukaanga. Firigisi niliiweka juu ya sahani ya Hénock mbele ya macho yao yote, nikarudi nyuma.

Kaku, aliiangalia kidogo. Halafu akaikata vipande viwili. Kimoja akakila, polepole, kila mtu akiona. Kingine akanipelekea mdomoni.

Mama alipiga kelele! "Munawuke hakule firigisi!" Hénock akamjibu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi: "Mama, nilimushitaki bila kusema. Namusafisha bila kusema." Mama akavuta bakuli la kalembula kwake, akasema hiyo angalau haikatazwi kwa mtu.

Firigisi niliila. Ni ngumu, Kaku. Miaka yote nilifikiri ni tamu kuliko ile.

Jocelyne


Kolwezi, kwenye mizani, 31 Mei 2024

Kaku,

Nilipimwa jana. 1,04. Daktari hakunisifu. Alisema nimetoka mlangoni, lakini mlango uko palepale, na mtoto wa mtu aliyekuwa na sukari anapimwa kila mwaka maisha yake yote. Nilimwuliza kama karatasi yangu inakwenda kwa mkuu wa ofisi. Akanishangaa. Alisema karatasi ya damu haitoki kwenye kabati lake, na kwamba wa kwanza kuniambia inatoka nimlete kwake. Miezi mitatu, Kaku, nilikuwa nimemkimbia mtu ambaye hakuwa ananitafuta.

Mkataba nimetia sahihi leo asubuhi. Mkuu alisema naandika namba vizuri. Basi.

Nyumbani tunakula sahani moja sasa, mimi na Jocelyne. Bonge la ngumi mbili, ingawa yeye anasema ngumi za mwenye mimba zinahesabiwa nne. Kutoka mizani mpaka barabara ya lami natembea, malori ya mgodi wa Mashamba yanapita na vumbi lake, nafunga kitambaa puani. Jumapili napata firigisi nusu. Karatasi ya baba nimeiweka ndani ya Biblia, si chini yake.

Nina jambo moja. Leo Guelord alisogeza kiti chake mpaka kwenye meza yangu, akaangalia mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao kanisani wamemwomba aandike ukurasa mmoja au miwili juu ya chakula cha wazee wetu. Anauliza chumvi walitia kiasi gani. Amesema swali hilo ni la kanisa, si lake.

Tafadhali mpe Sadiki gunia lingine.

Mume wako mdogo,
Hénock